Matawi Yaliyozidi

Guta la Sikitu, lenye matairi matatu na vifaranga mia mbili, lilizimika katikati ya mlima juani. Akakata matawi, akayatandaza nyuma yake ili madereva wajue kuna chombo kibovu, kisha akamfuata Kihwelo, tajiri aliyekuwa akinywa chai kibandani, pikapu yake mpya ikiwa nje.

"Bosi, nivute mpaka gereji. Kamba ninayo, na usukani nitaushika mwenyewe."

"Pikapu hii sikuinunua kuvutia makorokoro, dada."

"Haya," alisema Sikitu, akatoka.

Kihwelo alipomaliza chai alikuta watu wameizunguka pikapu. Nyuma yake palikuwa na matawi mabichi.

"Pole, mzee," mmoja alimwambia. "Mpya hivi, na imeshakufa?"

"Ni nzima kabisa," alifoka.

"Wote husema hivyo," mwingine alinong'ona.

"Kama ni nzima," Sikitu alisema kwa upole, "si tuione ikipanda na mzigo?"

Kihwelo alifunga kamba mwenyewe. Wakapanda taratibu, vifaranga wakilia, watu wakishangilia.

Gerejini akauliza, "Matawi yale aliyaweka nani?"

Sikitu alikuwa akikwangua utomvu viganjani. "Yalizidi kwenye guta langu, bosi. Niliona vibaya kuyatupa."