Kwa Nini Hondohondo Hujifungia na Mtoto Wake

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii ikishaondoka haisimami njiani kupakia mtu.

Mnamjua hondohondo, yule ndege mweusi mwenye tumbo jeupe na mdomo mkubwa, kama aliyeazima pua ya mjomba wake akasahau kuirudisha. Mnajua pia kwamba jike lake, siku za kutaga zikifika, huingia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, akabaki gizani na yai lake, akilishwa kupitia ufa mwembamba. Watu huliona jambo hilo wakacheka. Husema dume lina wivu. Wivu gani, jamani, kwa bibie mwenye pua ile? Hapana. Sababu ni nyingine, na mimi niliyezoea kuchekesha watu nawaambia mapema kwamba mwisho wake sijawahi kumchekesha nao mtu yeyote.

Kale, msitu ulipokuwa unashuka mpaka bondeni, hondohondo hawakujua tundu wala udongo. Walijenga kiota kimoja cha ukoo mzima, cha vijiti, kipana kama mkeka wa harusi, juu kabisa ya mti ambako jua na upepo viliingia bila kubisha hodi. Humo waliishi babu na bibi, wajomba, mashangazi, mashemeji, mawifi, na wale jamaa ambao kila ukoo unao: walikuja kusalimia zamani, na hakuna aliyekumbuka tena walikuwa wa nani. Kelele ilikuwa haiishi. Mmoja akianza kusimulia, mwingine anamalizia, wa tatu anasema haikuwa hivyo. Ndege wengine walihama miti ya jirani ili wapate kulala mchana.

Katika kiota hicho aliolewa Siwema. Kwao, ng'ambo ya bonde, walikuwa yeye na mama yake tu, wakala kimya, wakalala kimya. Alipofika kwa kina Mbaruku, mumewe, alidhani amefika ngomani. Alikipenda kile kiota. Mayai yake ya mwanzo yaliharibika, na kila lilipoharibika yai aliwekwa katikati, mbawa za mawifi huku na za mashangazi huku, hadi akapata usingizi. Kwa hiyo yai lililofuata lilipopasuka, na ndani yake kukatoka kinda mzima anayepumua, hakuona vibaya hata kidogo kwamba ukoo wote ulimwangukia kwa wakati mmoja.

Kinda wa hondohondo akitoka yaini si wa kupigiwa vigelegele. Yu uchi, mwekundu, macho yamefumba, shingo haijui kazi yake. Lakini mngemsikia Bibi Kauye, mama yake Mbaruku, mngedhani kazaliwa tausi.

"Babu yake mtupu," alisema.

"Mama, huyu hana nyoya hata moja," alisema Ngoda, shemeji yake Siwema, ambaye alikuwa na dhihaka kwa kila jambo.

"Na baba yako mwishoni alikuwa nayo mangapi? Ondoa mdomo wako hapo, utampofua mtoto."

Kila mtu alimpa jina lake. Bibi Kauye alimwita kwa jina la marehemu mumewe. Mwanjaa, wifi mkubwa, alimwita Wangu, na alipoulizwa ni jina gani hilo, alisema ndilo alilolipenda. Ngoda alimwita Mzee, kwa sababu ya upara. Mtoto mwenyewe aliitika yote kwa sauti moja, ile sauti nyembamba ya kinda mwenye njaa, ambayo kwa viumbe wengine ni kilio na kwa bibi ni mazungumzo.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana hapa ndipo mambo yalipojificha. Kwa hondohondo wa kale, kinda hakuwekwa chini. Tangu anatoka yaini hadi anapoota manyoya, alikaa chini ya bawa la mtu. Bawa hilo likichoka, alisogezwa kwenye bawa la jirani. Hapakuwa na maneno. Hakuna aliyesema "nakuachia" wala aliyejibu "nimempokea", kwa sababu popote ulipomsogeza mtoto, pale palikuwa na mtu. Na mzazi mpya hakuruhusiwa kazi. Kila alipotaka kumchukua mwanawe aliambiwa nenda ukale, nenda ukalale, ulizaa peke yako lakini hutalea peke yako. Maneno mazuri hayo. Mimi mwenyewe ningeambiwa hivyo ningelala mpaka leo.

Wakati mwingine Siwema aliamka na kumkosa mtoto ubavuni, moyo ukamruka. Aliinua shingo, akamwona mwanawe chini ya bawa la Mwanjaa, au la shangazi fulani, amelala ameshiba. Kila mara ilikuwa hivyo. Mwisho moyo wake nao ulijifunza, ukaacha kuruka.

Ikafika siku ambayo mkuyu wa ng'ambo ya kijito uliiva wote kwa pamoja. Habari ilifika asubuhi, na kiota kikatoka mbio kama wali umetangazwa. Mwanjaa ndiye aliyekuwa na mtoto. Alimsogeza ubavuni mwa Bibi Kauye aliyekuwa akisinzia, akaenda. Bibi Kauye alizinduka, akasikia harufu ya makuyu, akamwona Ngoda ameketi ukingoni mwa kiota akichokonoa manyoya yake; akamsogezea mtoto, akaenda. Ngoda alikaa kidogo. Kisha akamwona Siwema anatua kwenye tawi la juu. Mama mtu amerudi, alijisemea, sasa mimi nakaa hapa nafanya nini? Akaenda.

Na Siwema? Siwema alikuwa amekunywa maji kijitoni, akapita pale tawini ili ajikung'ute tu. Aliitazama ile migongo myeusi ikiruka kuelekea mkuyuni, akasikia vicheko, akajua mtoto yu na mtu. Hakuinamisha shingo kutazama kiotani. Kwa nini ainamishe? Alikuwa ameambiwa akale. Akaenda akale.

Mvua iliwakuta wote mkuyuni, ila Mbaruku aliyekuwa mbali bondeni. Haikuwa mvua ya kutisha. Ilikuwa ile ya baridi inayoanza polepole na kuendelea polepole, isiyo na haraka ya kwenda kwingine. Walijibanza chini ya majani mapana, kila mmoja na tunda lake. Katikati ya mvua ikawafikia, kutoka ng'ambo ya kijito, sauti nyembamba ya kinda.

Waliisikia. Hili nataka mlishike. Si kwamba hawakuisikia. Waliisikia wote, mpaka wale jamaa wasiojulikana ni wa nani.

"Mzee kaamka," alisema Ngoda.

"Yuko na watu," alisema Mwanjaa.

"Nani kabaki?" aliuliza shangazi mmoja, lakini aliuliza huku anatafuna, na mtu anayeuliza huku anatafuna hangojei jibu.

Siwema naye aliisikia. Manyoya ya kifuani yalimsimama, akapiga hatua mpaka mwisho wa tawi. Bibi Kauye, kwa upendo tu, alimsukumia tunda. "Kula, mwanangu. Mtoto kulia ndiyo mapafu yake. Pale hakosi wa kumbembeleza." Siwema aliona haya. Angeondoka, angekuwa kama amesema hawaamini watu wa mumewe, hao waliomweka katikati ya mbawa zao siku mayai yalipoharibika. Akala.

Sauti iliendelea. Halafu ikanyamaza.

"Mmeona?" alisema Bibi Kauye. "Kashapata wa kumbembeleza."

Na wote wakafurahi.

Waliporudi, mvua ilikuwa bado inanyesha. Sitawasimulia walichokikuta; mnakijua, na asiyekijua amshukuru Mungu. Mtoto alikuwa katikati ya kile kiota kipana, pale pale ambapo siku zote palikuwa na mtu.

Siwema hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Alikuwa na nani?"

Mwanjaa alimtazama mama yake. "Mimi nilimwacha kwa mama." Bibi Kauye aligeuza lile domo lake kubwa polepole, kama limezidi uzito siku ile. "Mimi nilimwacha kwa Ngoda." Ngoda, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu kuzaliwa, alirudi nyuma hatua moja. Mwisho alisema kwa sauti ndogo, "Shemeji, nilikuona wewe. Ulikuwa umetua tawini. Nilidhani umerudi."

Ikawa wote wanamtazama yeye. Hawakumtazama kwa ubaya. Walimtazama kwa sababu swali lilikuwa limefika pale na halikuwa na pa kwenda tena. Siwema aliutazama ule ukoo wote aliokuwa akiupenda, akahesabu mabawa, akakuta katika mabawa yote yale mwanawe hakupata hata moja la kumfunika.

Walimlilia sana. Hilo hawakupungukiwa, kwa kulia nao walikuwa wengi. Walimweka Siwema katikati kama kawaida, mbawa huku na mbawa huku, lakini usingizi ulikataa. Mara kwa mara mtu alianza kusema "laiti yule angali—", na mwingine akamnyamazisha. Ndege wa miti ya jirani waliokuwa wamehama wakaanza kurudi, kwa jinsi pale mtini palivyokuwa kimya.

Msimu ulipozunguka, Siwema alihisi yai jingine. Hakumwambia mtu ila Mbaruku. Alimchukua mpaka kwenye mvule mzee uliokuwa na tundu shinani mwa tawi lake kubwa, akaingia ndani, akageuka, akatoa kichwa.

"Niletee tope," alisema.

"Tope la nini, mke wangu?"

"La mlango."

Mbaruku aliupima ule mlango kwa jicho. Alikuwa mume mpole, wa maneno machache, na siku ile ya mvua alikuwa mbali upande wa bondeni, akirudi na chakula cha mkewe. "Na mimi nakuwa upande gani?" aliuliza.

"Nje, baba. Wewe ni mtu wa kule."

Aliteremka kijitoni, akaleta tope mdomoni, tena na tena. Yeye alipaka kwa nje, Siwema kwa ndani, na nuru baina yao ikapungua kila tonge lilipoongezwa. Ilipobaki ufa wa kupitisha ncha ya mdomo tu, Mbaruku alisimama. Alisema akiziba na hapo, mkewe atakula nini? Siwema alikubali ufa ule, lakini si mpana zaidi.

"Basi umepona," alisema Mbaruku. "Hawatakufikia tena."

"Wao?" alijibu Siwema kutoka gizani. "Hebu niambie, wa mwisho kumwacha alikuwa nani?"

Mbaruku aliinamisha kichwa mpaka ufani. Akasikia ndani ya tundu sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Kisha kupitia ufa likatoka nyoya moja jeusi, refu, la bawa. Likaanguka. Likafuata jingine, na jingine. Siwema alikuwa akijinyonyoa manyoya ya kurukia. Ukuta ulikuwa wa kuwazuia ndugu, lakini aliyetua tawini akaondoka bila kutazama hakuzuilika kwa ukuta, kwa kuwa huyo alikuwa ndani.

Yai lilipopasuka, ukoo ulipata habari, ukaja. Walijaa katika matawi ya mvule, wakaomba, wakaapa. Ngoda alijaribu dhihaka, ikamfia mdomoni. Wa mwisho alikuja Bibi Kauye, amezeeka ghafla, na kuyu moja lililoiva vizuri. Alilipitisha ufani, likapokewa.

"Niruhusu nimguse tu, mwanangu. Nikimgusa naondoka."

"Mama, nakuheshimu," alisema Siwema. "Tunda nalipokea. Mtoto simtoi."

Bibi Kauye alilaza shavu lake kwenye tope kavu, akakaa hivyo hata wenzake wakaona aibu kutazama. Alipofungua mdomo aagane naye, haikutoka sauti yake. Ilitoka sauti nyembamba, ya kupanda na kushuka, ya mtoto aliyelowa. Alijishika. Mwanjaa akataka kumwambia nyamaza, mama, naye ikamtoka ile ile. Ikamtoka Ngoda, ikawatoka mashangazi na wale jamaa wasiojulikana ni wa nani, matawi yote yakalia sauti moja, na ndani ya tundu Siwema akamfunika mwanawe kwa bawa lake lisilo na nyoya.

Na tangu siku hiyo hondohondo hawajengi tena kiota cha wazi. Jike huingia tunduni na yai lake, dume huleta udongo, mlango huzibwa, na huko ndani mama hupukutisha manyoya asiweze kwenda popote mpaka mtoto awe wa kutoka. Dume huleta chakula ufani na hukaa nje na watu wake. Na hondohondo wote, jike kwa dume, mtu asiyewajua akiwasikia msituni siku za mawingu huapa kuwa ni mtoto mchanga analia, kaachwa mahali. Ile sauti waliyoisikia wasiiendee ndiyo waliyobaki nayo.

Ndiyo maana wenyeji wa kando ya msitu ule, wakisikia mtoto analia wakiwa wamekaa wengi, hawasemi yuko na watu. Mmoja huweka chini alichoshika, akainuka, akaenda kutazama. Mara nyingi huwa ni ndege tu. Huinuka hivyo hivyo.