Mtungi wa Sikudhani

Hapo zamani, si zamani ya wafalme, zamani ya leza, walikuwapo watu watatu chumbani wakitafuta mwanga. Si wa kibatari. Ni eksirei kali ya kuonyesha undani wa mfupa, ambayo kwingine hutolewa na mtambo mkubwa kama mtaa. Wao walikuwa na chumba tu, na ubishi.

Sikudhani alifungulia gesi. Ngonyani akaipiga kwa leza, gesi ikachafuka mawimbi, elektroni zikayadandia na kukimbia. Machumu akazitikisa kwa sumaku zake zitoe mwanga. Wakapiga, giza. Wakapiga tena, giza.

Siku moja Sikudhani alikuja kazini akili haipo. Kesho yake kaka yake, Athumani, angekatwa mguu, na madaktari hawajaelewana kama ugonjwa umefika mfupani. Akaunganisha mtungi wa gesi ya heliamu bila kusafisha bomba lenye mabaki ya gesi nyingine, naitrojeni. Ngonyani akapiga. Lo! Mwanga huo!

Furaha ilikuwa fupi. Kioo cha leza kiliingia ufa; kilibakiza pigo moja. Na desturi yao ni kwamba aliyeleta mwanga ndiye huchagua kitu cha kupigwa picha ya kwanza.

"Ni mimi," akasema Ngonyani. "Bila leza, gesi ni upepo tu. Wekeni shina hili la mgomba. Kwetu migomba inakwisha, na hatujui inaliwa na nini."

"Ni mimi," akasema Machumu. "Bila sumaku, elektroni zingepita kimya. Wekeni chuma hiki cha daraja. Watoto wa shule wanalipita kila asubuhi, nalo linalia."

Sikudhani akatoa kijichupa chenye kipande cha mfupa.

"Jamani, leza ni ileile, sumaku ni zilezile. Kilichobadilika ni gesi. Sikusafisha bomba. Kosa langu ndilo lililoleta mwanga. Naomba mfupa wa kaka yangu ndio upigwe picha."

Mkuu wao, Bi Tunu, akashusha miwani. "Mwanangu, kanuni unaijua. Anayechafua gesi anatolewa chumbani, na hachagui kitu."

"Naijua, mama. Ningeweza kunyamaza."

Bi Tunu kashika ufunguo wa leza. Athumani kalala wodini, soksi zote mbili miguuni.

Haya, nyie mnaonong'onezana huko nyuma, semeni kwa sauti: je, nani alistahili pigo lile?