Moshi wa Nyuma ya Vilima

"Si kila moshi una mwenyewe." Mmeisikia, mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Hapo kale, watu wa Norwei walimkimbia mfalme aliyewapokonya mashamba, wakavuka bahari ya baridi hadi kisiwa cha Aislandi. Huko waliweka sheria ya kugawana ardhi: mwanamume atachukua eneo atakalolizungushia mioto kwa siku moja, mwanamke, eneo atakalolizunguka akimkokota mtamba wake, ng'ombe jike asiyezaa bado, tangu jua kuchomoza hadi kutua.

Mtu mmoja, Hroleif, alitangulia kufika. Alishika bonde la pwani, lakini hakushiba. Kila meli ilipotia nanga, aliwaonyesha wageni moshi uliofuka nyuma ya vilima. "Kule kote ni kwangu. Mioto yangu ile." Wageni waliiheshimu sheria, wakang'oa nanga na watoto wao wana njaa. Waliopokonywa na mfalme wakapokonywa tena, safari hii na jirani.

Jorunni, mjane mwenye wana watatu, alifika na mtamba mmoja tu. Akaambiwa yale yale. Siku hiyo mvua ilinyesha kutwa, na moshi haukufifia. Moto gani huo usioogopa maji? Kulipokucha alishika kamba ya mtamba wake, akapanda kilima.

Hroleif na watu wake walimkuta ameufikia moshi.

"Rudi, mama. Unaingilia mpaka wa mtu."

"Nitarudi, bwana mkubwa, nikiona majivu. Nionyeshe hata ya kujaza kiganja."

"Neno langu halitoshi?"

"Neno haliwaki bila kuni, na huku juu sioni hata kijiti."

Mmoja wa watu wa Hroleif alibana kicheko. Jorunni akatoa samaki mkavu mkobani, akamtumbukiza kwenye shimo lililotoa moshi. Alipomtoa, samaki amelainika, anachuruzika maji. Ilikuwa chemchemi ya maji moto. Ardhi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikichemka, tangu Hroleif hajazaliwa.

"Karibu tule," alimwambia. "Si umesema jiko ni lako?"

Hroleif aligeuka nyuma. Watu wake walikwisha kumpisha mtamba njia. Jua lilipotua, Jorunni alikuwa amelizunguka bonde lote lile la nyuma ya vilima, na kwa sheria likawa lake. Akatuma habari kwa meli zilizobaki pwani: mabonde bado yapo, njooni.

Basi mtu akisimama mbali, akainyooshea kidole ardhi na kukuambia imeshachukuliwa, usigeuze meli. Nenda ukaguse. Si kila moshi una mwenyewe.