Nati za Ambakisye

"Spana ikishasema, mkono unyamaze."

Mmenisikia nikimwambia hivyo shangazi yenu Sekela hapa jikoni, alipokuwa bado anamsema mwenzenu Tulinagwe kwa ule wali aliouunguza. Sasa mnacheka na kuuliza spana imeingiaje jikoni. Haya, endeleeni kumenya ndizi, masikio yana kazi yake na mikono ina kazi yake. Msemo huu ulizaliwa hapahapa Tukuyu, uani kwa Ambakisye, na ulizaliwa hivi.

Ambakisye alikuwa dereva wa lori la chai mpaka alipostaafu. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mipana, ila alikuwa na hofu moja. Zamani, kwenye mteremko wa Kiwira, gurudumu la lori lake lilichomoka kwa sababu nati hazikukazwa vizuri. Utingo wake, kijana aliyempenda kama mdogo wake wa tumbo moja, akavunjika mguu na hakutembea sawasawa tena. Tangu siku hiyo Ambakisye hakuiamini nati ambayo hakuikaza mwenyewe. Kila mara alichomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini wa spana ili urefuke, kisha akapanda juu yake na kurukaruka. Nati ikilia nyii, ndipo anashuka na kupangusa jasho. "Hiyo sasa imekaza," alikuwa akisema.

Binti yake Subilaga aliponunua gari dogo la mtumba, baba alifurahi kuliko mwenye gari. Lugano, mtoto wa Subilaga, alikuwa na pumu, na gari hilo ndilo lililompeleka kliniki Mbeya. Basi kila wakikaribia kusafiri, babu mtu aliyazunguka magurudumu yote na bomba lake. Mapenzi yake yote aliyamalizia kwenye zile nati.

Asubuhi moja ya mvua, kule Isongole kwenye ukungu, tairi likapata pancha. Jeki Subilaga anayo, tairi la akiba analo, lakini nati hazitoki. Alivuta, akakanyaga kwa mguu, wapi! Wanaume wawili wapita njia waliokuwa na mizigo ya viazi wakajaribu; bolti moja ikakatika, na nati zilizobaki hazikutikisika hata kidogo. Kwenye kiti cha nyuma Lugano alikuwa akivuta pumzi kwa taabu, kifua kinalia. Subilaga alilia pia, hadharani, mvua ikimnyeshea. Mungu si Athumani, lori la ndizi likasimama, likawafikisha hospitali, na mtoto akapona. Gari akamwachia fundi wa kulekule. Nyumbani alipoulizwa alisema tu, "Tulichelewa, Baba," kwa sababu alijua ukweli ungemuumiza mzee.

Fundi yule ndiye aliyemweleza habari za spana ya kipimo. Unazungusha mpini wake mpaka kwenye namba unayotaka, unakaza, na nati ikifika hapo spana inasema tak, nawe unaacha.

Subilaga akaenda kuitafuta sokoni Mwanjelwa. Muuzaji akamtolea yenye kioo na betri. Nzuri kweli, lakini kuinunua labda auze ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe hana. Akamtolea nyingine ya bei ya kutupa, inametameta. Subilaga akaisugua kwa kidole gumba na namba zikahamia kidoleni. Ya tatu ilikuwa ya malori, na namba ya gari lake ilikuwa mwanzoni kabisa, mahali ambapo spana hizo hubahatisha. Mwishowe akapata moja isiyo na mbwembwe, namba zake zimechongwa kwenye chuma, na namba yake iko katikati. Akaijaribu mara kadhaa kwenye nati iliyofungwa kwenye meza ya muuzaji, ikasema vilevile. Akashindana na muuzaji bei mpaka wote wawili wakacheka, akaondoka nayo.

Jumamosi aliweka gari uani, akazilegeza nati, akaanza kuzikaza upya. Ambakisye alisimama pembeni ameshika bomba lake. Mkewe, Tupokigwe, alikuwa mlangoni akipukuchua maharage.

Tak.

"Imefika, Baba."

"Imefika wapi? Hata jasho hujatoa."

"Namba iliyo kwenye kitabu cha gari ndiyo hiyo."

"Kitabu hakina mjukuu," akasema Ambakisye, akaishika spana. "Niongeze kidogo tu, ya usalama."

Akavuta. Spana ikasema tak, naye akazidi kuvuta. Hapo Subilaga akapasuka.

"Baba, acha! Ya usalama ndiyo iliyotuweka barabarani Isongole! Nati zako hazikutoka, Lugano anashindwa kupumua, na mimi nimekaa kwenye tope nalia!"

Mzee akaiachia spana. Bomba nalo likamponyoka, likaviringika hadi kwenye migomba. Angeishia hapo ingetosha, lakini Subilaga alikuwa ameyaweka moyoni muda mrefu.

"Na wewe huambiliki! Unajua kila kitu! Ungemuua mjukuu wako, tena na ule mguu wa utingo wako..."

"Mwanangu," Tupokigwe akasema.

"Ngoja Mama, sijamaliza."

"Umemaliza. Hebu mtazame baba yako. Neno la kwanza limemfika, hata mimi huku nimelisikia likifika. Haya unayoongeza sasa yanakata bolti. Spana ikishasema, mkono unyamaze."

Subilaga akamtazama baba yake. Aibu ikamshika, akapiga magoti.

"Nisamehe, Baba. Najua ulikuwa unatupenda."

"Nilikuwa naogopa," akasema Ambakisye. "Nikadhani nikiogopa sana mtakuwa salama sana."

Akamwinua. Kisha akaomba aikaze yeye nati ya mwisho. Akavuta polepole, kama anayembembeleza mtoto. Tak. Vidole vikabaki vimeng'ang'ania mpini, mnajua mazoea yana tabu, halafu kimoja kimoja vikaachia.

"Umeisikia, Baba?"

"Nimeisikia."

Subilaga akaichukua spana, akaurudisha mpini wake hadi namba ya chini kabisa. Mzee akauliza sababu.

"Kazi ikiisha hulegezwa, springi ipumzike. Ukiiacha imejikaza, huharibika."

Ambakisye akacheka, machozi yakimtoka. "Basi na mimi nilegezeni, mama. Nimejikaza tangu Kiwira."

Ndiyo hivyo, wanangu. Msemo ule haukusemwa kwa mzee mwenye bomba, ulisemwa kwa binti ambaye haki ilikuwa yake. Wali umeungua, Tulinagwe ameambiwa, amesikia, na macho yake mmeyaona.

Sekela, mbona unafungua mdomo tena? Ah, unataka kisu. Mpeni kisu shangazi yenu, akae hapa karibu na Tulinagwe wamenye pamoja. Spana ikishasema, mkono unyamaze.