Mlio wa Ndiva ya Mheseni

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana baadhi ya watu wa kisa hiki bado wako hai na bado wajinga, palikuwa na kijiji milimani kiitwacho Mheseni. Juu ya kijiji palikuwa na ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mlimani. Maji yalilala humo usiku, asubuhi yakafunguliwa, yakashuka kwa mfereji hadi mashambani. Yaliposhuka yalishuka kwa fujo, yakabingirisha mawe.

Kwa hiyo watu wa Mheseni walikuwa na desturi. Kila nyumba ilisafisha kipande chake cha mfereji. Mchome, mfungua ndiva, kabla ya kuzibua alipuliza pembe. Pembe ile ilikuwa na sauti nene, buuu! Waliomo mferejini walitoka, wakagonga jembe juu ya jiwe: ngo, ngo. Vipande vinane, majibu manane. Yakipungua, Mchome hazibui. Hakuna aliyewahi kufa, na kwa watu wa Mheseni hilo halikutosha.

Mwenyekiti wa mfereji, Mzee Senkondo, alikwenda harusini mjini. Huko akaona birika linalia, jokofu linalia, gari likirudi nyuma linalia. Akarudi amenuna.

"Wenzetu vyombo vyao vinaongea," akasema. "Sisi tunapuliza pembe ya mnyama aliyekufa kabla ya babu zetu! Hamwoni haya?"

Akaitwa Elifuraha, fundi redio, kijana wa miaka ishirini na minne. Elifuraha akaunda king'ora, akakifunga juu ya mlingoti kando ya ndiva. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi: tiiii! Alikijaribu wapi? Chumbani kwake, mlango umefungwa. Alimjaribia nani? Rafiki zake wawili wa umri wake. Wakasema, "Hiyo moto!" Utafiti ukaishia hapo.

Sasa sikieni jambo ambalo fundi hakulijua, na mwenyekiti hakutaka kulijua. Masikio ya mtu hayazeeki yote siku moja. Yanaanza kuachia sauti nyembamba: mbu, nyenje, vifaranga. Sauti nene yanabaki nazo. Mzee asiyesikia mbu sikioni mwake anaweza kuisikia pembe toka ng'ambo ya mlima.

Siku ya uzinduzi kijiji kizima kilikusanyika. Elifuraha akabonyeza kitufe. Tiiii! Vijana wakaziba masikio. Wazee wakautazama mlingoti kama watu wanaosubiri kuku atage.

"Mzee, umeusikia mlio?" Elifuraha akauliza.

Mzee Senkondo hakusikia hata chembe. Lakini mwenyekiti mzima, mbele ya wajukuu, aseme hasikii? Thubutu!

"Kusikia? Nusura unipasue kichwa!"

Wazee wengine wakatikisa vichwa, wakadakia: umetupasua, umetupasua. Mstari wa mbele alikaa Bibi Nakijwa, mjane anayeishi peke yake. Yeye akaongeza, "Tena mtamu." Mtamu! Sauti ambayo haikumgusa hata ndewe.

Mzee Senkondo akapandwa na kiburi, akatangaza, "Kuanzia leo kugonga mawe basi. Chombo cha kisasa hakisubiri kuitikiwa." Mchome akafurahi kuliko wote, maana kuhesabu majibu manane kulimchelewesha chai.

Wiki haikuisha. Bibi Nakijwa aliinama mferejini akizoa tope. Mchome akabonyeza, tiiii! Taa ya king'ora ikawaka kuonyesha kimelia. Kutoka alipoketi, angenyanyuka tu angeiona kanga ya bibi. Hakunyanyuka, chai ilikuwa ya moto. Akazibua.

Maji yakamkumba bibi, yakambamiza kwenye mawe. Walimtoa hai, mguu umevunjika pawili. Zilikuwa zimebaki siku kumi kufikia msimu wa kupanda, na asiyepanda Mheseni mwaka huo anakula kwa kuomba.

Sheria ya Mheseni ni hii: aliyemvunja mtu mguu humlimia shamba mpaka asimame. Ni mmoja tu, kwa sababu wawili hutegeana, na watu wa Mheseni wanajijua. Baraza likaitwa uani kwa bibi, naye mwenyewe akalazwa juu ya mkeka.

Elifuraha akaanza. "Mimi niliuliza hadharani: mmeusikia? Wakasema wamesikia. Masikio ninayo mawili, yote ya kwangu. Ya wazee nitayajuaje wakiyaficha?" Hakusema kwa nini hakumwita chumbani mwake hata mwenye mvi mmoja.

Mzee Senkondo akasimama, akajikohoza. "Mimi si fundi. Na mtu wa rika langu hakiri uziwi mbele ya watoto. Lakini aliyevunjika mguu alikuwepo. Yeye alisema mtamu. Kama ningejua hasikii, ningefuta kuitikia? Kila mtu abebe uongo wake."

Mchome akasema, "Niliambiwa nibonyeze, nikabonyeza. Niliambiwa nisisubiri, sikusubiri. Siku nilizosubiri nani alivunjika? Mtumwa wa amri hashitakiwi." Alisema hivyo bila aibu, tumbo limejaa chai ileile.

Wote wakamgeukia bibi. Bibi Nakijwa akasema taratibu:

"Ndiyo, nilidanganya. Mwenyekiti aliposema anasikia, nikajua kiziwi ni mimi peke yangu. Nyinyi nawafahamu, wanangu. Mjane akisema hasikii, kesho mtasema haoni, keshokutwa mtasema shamba limemshinda, mtondo mtakuja na kamba ya kupimia kuligawana. Nililinda shamba langu kwa ulimi, kwa kuwa sikuwa na kingine. Mmenitishia ninyi, kisha mnaniuliza kwa nini niliogopa?"

 Watu wa baraza wakatazama kucha zao, maana kamba ile wawili kati yao walikwisha kuinunua.

Baraza likakaa siku ya kwanza, halikuamua. Likakaa siku ya pili, halikuamua. Lilikula makande ya mwenye mguu uliovunjika, likashiba, halikuamua. Siku ya tatu mawingu yakashuka mpaka kwenye mapaa, nalo shamba la Bibi Nakijwa halijaguswa.

Basi mimi nimewaletea nyinyi, mnaojiona mna akili kuliko Mheseni. Yupo fundi aliyeyapima masikio ya wote kwa masikio yake. Yupo mwenyekiti aliyeona aibu, kisha akakataza watu kuitikiana. Yupo Mchome, ambaye uzito wote aliotakiwa kuunyanyua ni makalio yake. Na yupo bibi aliyesema mtamu. Mvua haingoji. Wewe unayetikisa kichwa huko nyuma, hata wazee wa Mheseni walitikisa, fungua kinywa. Je, nani alistahili kulima shamba la Bibi Nakijwa?