Ukuta Uliotokwa na Jasho

Watu wengi huifanyia mzaha methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Wao hudhani ni methali ya kuku: mgeni akipiga hodi, jogoo anakimbizwa uani, na watoto waliokula sukuma wiki tangu Jumatatu wanapata mchuzi wa nyama. Haya, kuku naye hana ubaya. Lakini wahenga hawakukuna vichwa ili watuachie habari za mchuzi. Mgeni huja na macho mapya, akaona kile ambacho mwenyeji amekizoea hata hakioni tena. Anayebisha na asikilize kisa cha Filister Aluoch, fundi wa mifereji wa Kambi Muru, Kibera, na safari yake ya kuzuru ngome na makasri ya jangwani kule Uhindi.

Filister alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arubaini na mitatu, mwenye viganja vigumu kama soli ya kiatu. Kambi Muru paipu za maji hulala juu ya matope, zimeshikana kama tambi kwenye sahani, na ikipasuka moja hakuna ajuaye ni ya nani. Filister hujua. Hushika nondo, akaiweka ncha moja juu ya paipu na nyingine sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Ni hii ya Lenah. Imetoboka pale karibu na choo." Wakifukua, wanaikuta imetoboka pale pale. Basi kampuni moja ya kuuza paipu ilipoandaa shindano la mafundi na wauzaji, zawadi ikamwangukia yeye: siku nane za kusafiri kwa barabara, ngome hadi ngome, kila kitu kimelipwa.

Upande wa wauzaji, mshindi alikuwa Walubengo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kawangware. Alikuwa na tumbo la heshima, suti tatu, na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni.

"Mama Austine," alimwonya Filister walipokuwa uwanja wa ndege, "kule tunaenda ni kwa wafalme. Usianze mambo yako ya matope. Mtu akikuuliza, sema wewe ni injinia."

"Baba Lavender, mimi ni fundi. Injinia ndiye huniita akishindwa."

Walubengo alipata aibu yake mapema. Huko Jaipur, ndani ya ngome ya Amber, watalii walipoinua simu kupiga picha ukumbi wa vioo, Filister alikuwa amepiga magoti akichungulia tundu la kupitishia maji ya mvua. Huko Jodhpur walionyeshwa lango lililopigwa miiba ya chuma ili ndovu wa adui wasilisukume. Walubengo akajipiga picha arubaini mbele yake. Filister yeye akamwuliza mwongozaji, "Hapa chini ni mwamba mtupu. Hawa malkia walikuwa wakioga maji ya wapi?" Mwongozaji akafurahi, akampeleka kuona mabirika ya kale, na watalii wengine wa siku hiyo wakamsubiri juani kwa nusu saa.

"Tumevuka bahari nzima kuja kuangalia mtaro!" Walubengo akalalama.

Siku ya tano walikuwa barabarani kuelekea ngome ya Kesarkot, mchanga kulia, mchanga kushoto. Dereva wao alikuwa Bhanwar, kijana mpole mwenye masharubu yaliyosokotwa, ambaye walielewana naye kwa Kiingereza cha kuungaunga. Simu yake ikalia. Akaipokea, na punde sauti yake ikaanza kutetemeka. "Maaji," alisema. "Maaji... maaji..." Machozi yakamlengalenga.

Filister akamgusa Walubengo. "Huyu kijana ana shida ya maji."

"Wewe hata padre akihubiri unasikia maji tu."

"Si uskize! Anasema maji, maji, na analia."

Bhanwar alipokata simu, Filister akamwuliza kwa Kiingereza, ila neno lenyewe akaliacha kama alivyolisikia, "Pole, ndugu yangu. Hayo maji yako yana shida gani?"

Bhanwar akakanyaga breki nusura Walubengo agonge kioo. "Unamjuaje Maaji?"

Kumbe! Kwa watu wa Bhanwar, maaji ni mama, tena mama anayeitwa kwa heshima. Walubengo alicheka hadi akatoa kitambaa cha suti kujipangusa macho. Bhanwar naye akacheka kidogo, na kwa kuwa kicheko kilikuwa kimekwisha kumfungua kifua, akawaeleza yote.

Ngome ya Kesarkot haikuwa ya kutazamwa tu. Watu walikuwa wakiishi ndani yake, na maduka yao, na mbuzi wao. Mama yake alikuwa akiishi humo katika nyumba iliyojengwa na babu wa babu zake, vizazi saba vilivyopita. Lakini kwa miaka miwili ukuta wa nyumba hiyo ulikuwa ukitokwa na jasho, ukivimba na kupasuka. Afisa wa mji alisema maji ya bafu yao ndiyo yanayokula msingi, na nyumba ikianguka itauburuta ukuta wa ngome nzima. Amri ilikuwa imetolewa: kesho saa nne asubuhi wahame, nyumba ibomolewe. Mama alikuwa amepiga simu kusema kwamba yeye hatoki, na wakitaka kumtoa wambebe pamoja na mlango.

Filister hakuwa akicheka tena. "Huo ukuta hutokwa na jasho saa ngapi?"

"Asubuhi, kama saa tatu. Jioni huwa umekauka."

"Na bafu yenu mnatumia?"

"Tumeifunga mwezi mzima sasa. Maaji anaoga kwa jirani."

"Basi hayo si maji yenu," Filister akasema. "Bafu iliyofungwa itamwaga maji gani? Nipeleke kwa mama."

Walubengo akaruka kitini. "Ratiba inasema tunaenda kasri la Kesarkot, kule nje ya ngome! Unataka tuingilie kesi za watu tufungiwe ugenini?"

"Wewe enda kasri. Mimi naenda kwa mama ya mtu."

Walubengo alitamani sana kwenda kasri, lakini gari lilikuwa moja.

Mama yake Bhanwar walimkuta ameketi kizingitini, mtandio mwekundu kichwani, bangili hadi kwenye kiwiko, vyombo vyake vimefungwa kwenye shuka kando yake. Hakulia wala hakulalamika. Aliwapa chai kwanza, kama vile hakuna aliyekuwa akija kumfukuza. Heshima hiyo ilimchoma Filister moyoni kuliko kilio chochote. Akaomba spana ya magurudumu kutoka kwa gari, akaiweka ncha moja sakafuni na nyingine sikioni.

Majirani wakajazana mlangoni kutazama kioja. Filister alisikiliza bafu: kimya. Alisikiliza ukuta: kimya. Akatoka, akapanda ngazi za mawe nyuma ya nyumba, akisikiliza kila hatua tatu, hadi akafika chini ya nyumba ya wageni, ile ile ambayo yeye na Walubengo walikuwa walale usiku huo. Hapo akatulia. Mtu huko juu alikuwa amefungulia maji, na chini ya ngazi sauti nyembamba ilikuwa ikinong'ona.

"Maji haya hayafiki kwenye mtaro," akasema. "Yanapotea njiani, na njia yao ni nyumba ya mama."

"Sasa nenda umwambie afisa umeambiwa na spana," Walubengo akamkejeli.

Hapo alikuwa na haki. Afisa hangeamini sikio la mtu; angetaka kuona kwa macho. Filister akarudi kizingitini kwa mama, akajikuna kichwa. "Ningepata rangi," akajisemea kwa Kiswahili.

Mama akainua uso. "Rang?" Akaingia ndani, akatoka na mkebe wa unga mwekundu uliobaki katika sikukuu yao, ile ambayo watu hurushiana rangi barabarani.

"Yawa!" Filister akapiga makofi. "Si mama anajua Kiswahili!"

Mpango ukawa mwepesi. Asubuhi, saa mbili kamili, Walubengo angeumwaga unga huo katika bafu ya chumba chake, kisha afungulie maji. Filister angesubiri chini ukutani. Kama jasho lingekuwa jekundu, kesi imekwisha.

"Na suti yangu je?" Walubengo akauliza.

"Vaa pajama."

Kesho yake afisa akafika saa tatu u nusu, na vijana wawili wa kubeba vyombo. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. "Ukuta huu ukianguka utaua watu," alisema, "na mimi ndiye nitakayeulizwa." Bhanwar akamweleza habari ya rangi. Afisa akamtazama Filister kutoka utosini hadi kwenye raba zake. "Wewe ni injinia?"

"Mimi ni fundi wa mifereji kutoka Kibera."

Mtu mmoja akaangua kicheko. Ukuta ulikuwa umeanza kutokwa na jasho kama kawaida yake, matone kwa matone, lakini jasho lenyewe lilikuwa jeupe. Dakika zikapita. Likabaki jeupe. Saa nne ikafika. Afisa akawapa ishara vijana wake, nao wakaingia, wakatoka na kitanda cha mama.

Filister akakifuata kitanda kwa macho. Aliogopa. Aliona haya pia. Alikuwa amempa mwanamke mzee tumaini, na tumaini likivunjika huuma kuliko kukosa tangu mwanzo. Mama alikuwa akimtazama. Filister akainua uso kwenye dirisha la nyumba ya wageni.

"Baba Lavender! Umemwaga?"

Kichwa cha Walubengo kikachomoza. "Nimemaliza mkebe! Nimemwaga ndoo tatu! Hii mikono imekuwa kama ya mchinjaji!"

Filister akapiga magoti, spana sikioni. Aliyasikia maji, lakini kwa mbali, dhaifu. Akaelewa. Yale ya mbele yalikuwa ya wageni waliooga mapema. Yenye rangi yalikuwa nyuma, yananyweka kwenye mawe ya njiani kabla ya kufika.

"Ongeza maji! Kila chumba kifungulie!"

"Vyumba vya watu?"

"Si wewe unajiita muuzaji? Leo ndiyo leo, uza!"

Naam, sifa mpe mwenyewe. Walubengo alitoka mbio, pajama mwilini, mikono miekundu hadi kwenye viwiko, akabisha milango kumi na miwili. Aliwaambia nini wale Wafaransa na wale maharusi kutoka Bombay, mpaka leo hasemi. Lakini mmoja baada ya mwingine walifungulia maji, na nyumba yote ya wageni ikavuma.

"Nipe dakika tano," Filister akamwomba afisa.

"Mbili."

Watu wakasogea karibu. Hata wale vijana wakakitua kitanda. Filister, macho ameyafumba, akainua kidole kimoja. "Yanakuja," akasema. "Yako hapa kwenye ngazi. Yameshuka. Yako ukutani!"

Tone moja likachungulia kati ya mawe mawili, na lilikuwa jekundu. Likafuatwa na la pili, na la tatu, kisha mstari mzima ukateremka hadi chini, mwekundu kama mtandio wa mama. Wee! Zilipigwa kelele ambazo nadhani zilisikika jangwani. Majirani walikumbatiana, mbuzi walitimua mbio, Bhanwar alikaa chini pale pale na kulia kama mtoto. Mikono ya Walubengo ilikuwa ikipunga dirishani, na bado ilikuwa inatisha.

Afisa akaugusa ukuta kwa kidole, akakitazama, akatazama juu kwenye nyumba ya wageni. Akaitoa ile amri mfukoni, akaandika juu yake kwamba imefutwa, akatia sahihi. Kisha akavua kofia mbele ya mama. "Miaka miwili nimekulaumu bure," akasema. "Nisamehe." Mama akamtilia chai.

Mwenye nyumba ya wageni naye hakujua lolote. Aliona aibu, akaleta vibarua siku hiyo hiyo. Walifukua chini ya ngazi, pale spana ilipolia zaidi, wakaikuta paipu ya udongo ya zamani, kiungo chake kimeachana hata ngumi ingepita. Walubengo alishuka mjini kununua paipu mpya, akajadili bei hadi muuzaji akampa kiti na soda. Filister akaiunga kwa mikono yake mwenyewe, mafundi wa Kesarkot wakimzunguka na kumwuliza maswali kwa ishara. Mmoja wao alijaribu spana sikioni, akaruka kwa mshangao.

Asubuhi iliyofuata, saa tatu, umati ulikusanyika tena. Ukuta ulikuwa mkavu. Mama yake Bhanwar aliupapasa kwa viganja vyote viwili, akalilaza shavu lake juu yake, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamgeukia Filister, akamvua raba zake zenye matope, akamketisha juu ya kitanda kilichokuwa kimerudishwa mahali pake. Filister alitaka kukataa, lakini Walubengo akamzuia. "Tulia, fundi," akasema kwa sauti ya chini. "Hiki ndicho kiti cha mfalme."

Kasri la Kesarkot hawakuliona, kwani gari lilikuwa na safari, na hakuna aliyelitaja. Nyumba ya vizazi saba ilibaki imesimama. Wenyewe walikuwa wameitazama kwa miaka miwili wasione kinachoila, na afisa mwenye mhuri hakukiona pia. Ikaja kuponywa na mwanamke wa Kambi Muru aliyelala hapo siku mbili tu. Ndiyo maana wahenga, ambao hawakuropoka, walituambia: mgeni njoo, mwenyeji apone.