Yowe la Kiseru

"Yowe la jirani huitikiwa kwa hodi." Bibi Nakijwa aliisema methali hii alipowaona wajukuu zake wakikimbilia ugomvi wa nyumba ya pili, fimbo mkononi, hata hawajui nani kamkosea nani. Wakamwuliza imetoka wapi. "Ketini kwanza, na fimbo ziwekeni chini," akasema. Methali hii ilianza hivi.

Hapo kale palikuwa na milima miwili iliyotazamana, Mbalu na Kiseru. Mbalu ilikuwa na askari wengi na chifu mmoja asiyetosheka, jina lake Mrindoko. Macho yake hayakubanduka kwenye chemchemi ya Kiseru. Alikosa kisingizio tu.

Siku moja, jua likiwa utosini, yowe la wanawake likasikika kutoka Kiseru. "Wanachinjana wale!" akasema chifu. "Tukawaokoe!" Jemadari wake, Sengondo, hakuhitaji kusukumwa. Dada yake wa pekee, Namkunda, alikuwa ameolewa huko. Akashika mkuki, akavuka bonde na watu wake.

Walikuta umati, na msichana analia huku kijana akimvuta mkono. Sengondo hakuuliza. Alimchoma mkuki yule kijana, na askari wakachoma nyumba. Kisha chifu akaamuru wabaki kulinda amani, na kambi ikapigwa palepale kwenye chemchemi.

Amani gani ile! Watu wa Kiseru waliomba ruhusa kuteka maji yao wenyewe, na mishale ilitoka vichakani. Huko Mbalu nyani walimaliza mahindi, maana wa kuwafukuza walikuwa ugenini wakilinda. Sengondo alizika vijana aliowajua tangu wakinyonya. Dada yake alikuwa hai, lakini kila alipomwona aligeuza uso. Hilo lilimuuma kuliko mshale. Asubuhi moja akamfuata.

"Namkunda, nimekukosea nini? Nilikuja kukuokoa."

"Kuniokoa na nani?"

"Tulisikia yowe."

"Kaka, ile ilikuwa harusi! Kwetu tunapiga vigelegele. Huku bibi harusi akitolewa kwao, wanawake hupiga yowe, eti wameibiwa mtoto. Uliyemuua ni shemeji yangu, alikuwa akimtoa bibi harusi nyumbani kumpeleka kwa bwana harusi." Akamgeukia uso kwa uso. "Siku zote ukija kwangu hubisha hodi. Siku ile hodi ulimwachia nani?"

Sengondo alilia mbele ya askari wake wala hakuona haya. Akawaambia wafungashe. Chifu alifoka kwamba chemchemi itapotea. "Haikuwa yetu hata ipotee," akajibiwa. Akabaki na amri zake, wa kuzitii hakuna. Vijana wakarudi Kiseru bila silaha, wakajenga walichochoma. Kusamehewa kulichukua muda.

Masika moja yowe likapigwa tena. Watu wa Mbalu wakashuka hadi mpakani, wakasimama, roho juu. Sengondo akapaza sauti: "Hodi!"

Kisha ikaja sauti ya Namkunda: "Karibuni! Mlima umeporomoka, njooni na majembe!"

Wakaenda na majembe. Waliofukuliwa wakiwa hai walikuwa wengi, na mmojawao alikuwa yule bibi harusi, kamkumbatia mwanawe mchanga.

Hapo Bibi Nakijwa akamaliza hadithi yake. Nyumba ya pili kelele zilikuwa hazijaisha. Mjukuu mkubwa akainuka, akaiacha fimbo, akaenda hadi mlangoni kwa watu.

"Hodi!"

Kelele zikapungua. "Karibu, mwanangu," mtu akaitika.

"Mnaona?" akasema Bibi. "Yowe la jirani huitikiwa kwa hodi."